Maana ya Ushirika: Funzo Kutoka Garissa

Neno ushirika limetokana na kitenzi -shiriki, chenye asili ya Kiarabu. Katika Biblia ya Kiswahili, neno hili huwakilisha dhana ya Kigiriki ya koinonia, yaani kuwa na fungu katika jambo moja. Hivyo, kukusanyika pekee si ushirika. Mshirika ni yule mwenye fungu katika furaha na msiba wa mwenzake.

Mjini Garissa, ambako Waislamu ndio wengi, Wakristo wengi ni watumishi wa umma na wanafunzi waliotoka mbali, wenye lugha na madhehebu tofauti. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili, la AIC na la Kikatoliki, yalishambuliwa. Msiba haukuchagua dhehebu. Baadaye viongozi wa Kiislamu walijitolea kutoa vijana wa kuyalinda makanisa.

Tarehe 2 Aprili 2015 ulivamiwa uliokuwa Uchuo Kikuu Kishiriki wa Garissa. Wanafunzi waliokuwa katika maombi ya alfajiri walikuwa miongoni mwa waliouawa. Jumla ya waliouawa na magaidi ilikuwa watu 148. Mamia ya walionusurika walipokelewa na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Basi, ushirika wa kweli haupimwi kwa wingi wa nyimbo wala kwa ukubwa wa mkutano. Hupimwa siku ya taabu: ni nani anayemfuata mfiwa, anayempokea aliyetawanywa, na anayerudi kuomba pale pale palipomwagika damu?