Mguu Mmoja Mbele, Mwingine Nyuma: Marek kwenye Lupango Zetu



Kama unafuga kuku hapa Kisangani, iwe Mangobo, Kabondo ao ng'ambo ya mto kule Lubunga, pengine umekwisha kuona hii: kuku jike wa miezi minne, mwenye jana alikuwa anakula vizuri, leo asubuhi amelala ubavu. Mguu mmoja ameunyoosha mbele, mwingine nyuma, kama mchezaji wa mpira mwenye ameteleza. Macho yako wazi. Ukimwekea mahindi karibu na mdomo, anadonoa. Hakohoi, haharishi kijani. Ila hasimami tena.

Majirani watakuambia mambo mengi. Mmoja atasema ni baridi ya sakafu. Mwingine atasema ni wivu, juu kuku zako zilikuwa nzuri kuliko za wengine. Wa tatu, na huyu njo anakulisha hasara kuliko wote, atakutuma famasi kununua tetrasikline. Mimi nilinunua, na diploma yangu ya agronomia iko ukutani. Nilikuwa na kuku 60 wenye niliwalea tangu siku ya kwanza. Mwezi wa nne wakaanza kuanguka: mmoja kwa juma, kisha wawili, kisha wanne. Nikawapa dawa siku tano, nikarudilia. Nilipoteza 27, pamoja na makuta ya dawa yenye haikufanya kitu.

Isingeweza kufanya kitu. Ule ugonjwa ni Marek, na Marek inaletwa na virusi vya jamii ya herpesi. Tetrasikline inapiga bakteria, haigusi virusi. Jina linatoka kwa József Marek, muganga wa nyama wa Hungaria, mwenye mwaka 1907 aliandika juu ya majogoo wanne wenye miguu na mabawa yalipooza. Hakuna dawa ya kuuponyesha, hapa wala Ulaya. Tukikubali hilo, tunaacha kutupa feza na tunaanza kufikiri vizuri.

Kwanza, hakikisha ni Marek kweli. Newcastle, ile wengi wanaita pesti, inakuja kwa haraka: ndani ya siku chache nusu ya kuku wamekwisha, wanahema kwa shida, wengine shingo inapinda. Marek inakwenda polepole, kuku mmoja mmoja, mara nyingi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Ukiona vifaranga vya wiki mbili ao tatu vimekunja vidole ndani, fikiri kwanza upungufu wa vitamini B2 katika chakula. Hiyo ukiikamata mapema, vitamini inasaidia. Na kuku anayetaga sana mwenye miguu imelegea yote miwili anaweza kuwa amekosa kalsiamu tu.

Dalili nyingine za Marek: bawa moja linaning'inia, kuku anakonda hata kama anakula, jicho linageuka rangi ya majivu na mboni inakuwa ndogo, haina duara nzuri tena. Kuna wenye hawapoozi hata kidogo. Wanakonda tu, wanakufa, na ukiwapasua unakuta ini, bandama ao ovari imejaa vivimbe vyeupe. Ile ni kansa, kansa ya kweli yenye virusi wameileta.

Basi chukua kisu. Hapa njo nataka tukae kidogo, maana kupasua hakutaki laboratware na kutakuambia mengi kuliko ubishi wa majirani. Kuku amekufa: mlaze kwa mgongo, chuna ngozi ya mapaja, kisha tenganisha misuli ya paja polepole kwa vidole. Ndani utakuta uzi mweupe unaoshuka kuelekea goti. Huo ni mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Kwa kuku mzima ni mwembamba, unang'aa, na ukiuangalia karibu una mistari midogo ya kukatiza. Kwa Marek unavimba mara mbili ao tatu, unakuwa rangi ya kijivu ao njano, na ile mistari inapotea. Mara nyingi umevimba upande mmoja tu, kwa hiyo pasua mapaja yote mawili na ulinganishe. Mimi nilipoona ule wa kushoto kama kamba na wa kulia kama uzi, nilikaa chini. Darasani tulichora ule mshipa kwa ubao. Kuushika na mkono ni kitu kingine. Mshipa mzuri hauondoi Marek kabisa, na mwisho wa maneno uko kwa veterinere, lakini ukikuta mshipa mnene kwa kuku wa miezi minne, acha famasi.

Swali lenye kila mtu anauliza: tunaweza kula? Virusi vya Marek havimshiki mtu. Lakini kuku mwenye vivimbe ndani hatuli, na kuku mwenye anapooza hatuuzi sokoni, hata kama shule ya watoto inadai. Tunamzika kwa shimo la kina, na manyoya yake yote.

Nasema manyoya kwa sababu njo siri ya huu ugonjwa. Virusi vinakomaa kwenye mzizi wa unyoya, vinatoka na magamba madogo ya ngozi, vinakuwa vumbi. Kifaranga anavuta lile vumbi kwa pumzi, na wiki mbili hivi kisha yeye pia anaanza kutoa vyake. Vumbi linaweza kukaa na virusi hai miezi mingi ndani ya nyumba ya kuku. Kuku mwenye amepona, ao mwenye hakuonyesha dalili hata siku moja, anabaki navyo maisha yote. Katika lupango zetu, penye kuku wa jirani anapita chini ya ua kama yuko kwao, ukijidanganya kwamba virusi havitafika utalia tena. Vimekwisha kufika. Kazi yetu ni kuchelewesha saa yenye kifaranga atakutana navyo, na kumpa nguvu mbele ya ile saa.

Nguvu hiyo ni chanjo. Watafiti wa Uingereza walitoa ya kwanza mwaka 1969, na kisha Wamarekani wakaleta ile ya virusi vya batamzinga, vyenye havimgonjeshi kuku. Ilikuwa mara ya kwanza chanjo kuzuia kansa kwa kiumbe chochote. Inatolewa siku ya kwanza ya kifaranga, sindano chini ya ngozi ya shingo, na inataka wiki moja ao mbili kushika. Kumchanja kuku wa miezi mitatu mwenye amekaa kwenye vumbi ni kuchoma sindano bure.

Hapa njo nilikosea. Muuzaji aliniambia "hivi vyote vina vaksen", mimi nikaridhika. Sikuuliza ya nini. Vilikuwa na ya Newcastle. Kwa hiyo ukinunua boksi ya vifaranga, uliza kwa jina: Marek, ndiyo ao hapana, na karatasi iko wapi?

Chanjo yenyewe ina taabu zake. Ile yenye nguvu zaidi inabebwa katika nitrojeni ya maji, digrii 196 chini ya sifuri. Kwa umeme wetu, tusahau. Ile ya batamzinga iko pia ya unga, inakaa kwenye baridi ya kawaida ya friji, digrii 2 mpaka 8, hiyo inawezekana kwa termosi na barafu. Lakini chupa moja kwa kawaida ni ya vifaranga 1000, na ukishaichanganya na maji yake una saa moja, mbili hivi, kisha inakufa. Mtu wa vifaranga 40 atanunua ya 1000 afanye nini?

Tena, chanjo inazuia vivimbe, haizuii virusi kuingia wala kutoka. Kuku wako mwenye amechanjwa anaweza kuwa mzima kabisa na bado ananyunyizia vumbi kuku wa kijiji wa mama yako wenye hawakuchanjwa. Jaribio lenye lilitangazwa mwaka 2015 lilionyesha hivyo wazi: virusi vikali vilipita kutoka kwa waliochanjwa kwenda kwa wasiochanjwa, na hawa wakafa. Usichanganye hayo makundi mawili ndani ya nyumba moja.

Kwa mwenye hana chanjo, habari njema ni moja: virusi havipiti ndani ya yai. Kifaranga anazaliwa safi. Mama yake njo anamwambukiza, chini ya mabawa. Mimi sasa nachukua vifaranga siku ileile, nawaweka kwa chumba mbali na wakubwa, na mbabula ya joto (acheni dirisha wazi, moshi wa makala unaua kuliko Marek). Asubuhi nawahudumia wao kwanza, kisha wakubwa, na kule kwa wakubwa nina viatu vingine. Wiki tano hivi. Unga wa mbao wa zamani wote nilitoa, nikaosha na sabuni kisha javeli, nyumba ikakaa tupu mwezi mzima kabla ya kupokea wengine. Na mayai ya kulalisha nachagua kwa kuku wenye walipita mwaka mzima katikati ya ule msiba bila kuchechemea. Nguvu ya kupinga Marek inarithiwa, na kuku wa kijiji wametofautiana sana kwa hilo.

Inabaki ile chupa ya 1000. Nimehesabu kati yetu hapa: wenye nawajua Mangobo, Makiso na Tshopo ni tisa, na kila mmoja analalisha wiki yake. Tukipanga mayai yaingie siku moja, vifaranga vitatoka siku ya 21 pamoja, na veterinere mmoja atapita kwa pikipiki na termosi yake asubuhi ileile. Mwenye ana mayai ya kulalisha mwezi ujao, atume idadi na komini yake kabla ya Jumapili.