Rangi za Video Zahitaji Ghala na Rejista

Askari yeyote aliyewahi kukabidhiwa zamu ya ghala la silaha anaelewa kwa nini kila bunduki ina namba, mahali pake ukutani na mstari wake kitabuni. Makala haya yanahusu ghala la namna nyingine, lililomo ndani ya kompyuta za askari wanaoshughulikia habari vikosini, na za raia wanaopiga video za sherehe kutoka Bwizibwera hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ghala hilo huhifadhi vipimo vya rangi, na mara nyingi halina rejista.

Video itokapo kwenye kamera, rangi zake huwa hazijatulia. Mhariri huongeza mwanga hapa, hupunguza wekundu pale, huusawazisha weupe hadi shati jeupe lionekane jeupe. Akisha kuridhika, programu humruhusu kuvihifadhi vipimo vyote hivyo kwa jina moja, ili kesho avitie juu ya picha nyingine kwa kubonyeza mara moja tu. Mafundi huviita priseti. Mwaka wa kwanza fundi huwa nazo tano. Baada ya miaka mitatu anazo mia mbili: nyingine zake, nyingine za rafiki, nyingine zilizotoka kwenye intaneti bila yeye kujua zilitengenezwa kwa ajili ya kamera gani. Majina yake ni “Nzuri”, “Nzuri 2”, “Ya Mwisho”, na bila shaka “Ya Mwisho Kabisa”.

Tuchukue mfano wa fundi aliyepanga chumba Bwizibwera, mji mdogo wa Kashari katika barabara itokayo Mbarara kwenda Ibanda. Jumamosi ameitwa kwenye kuhingira, sherehe ya Kinyankore ya kumuaga binti kwao. Asubuhi anapiga picha nje, kando ya migomba, katika mwanga wa jua wa takriban kelvini 5600. Mchana wageni wamekaa chini ya turubai la manjano, na kila uso umekuwa wa manjano. Jioni zinawashwa balbu za mwanga mwekundu-mwekundu, zilizo karibu na kelvini 3200. Jumapili yuko Nakivale, wilayani Isingiro, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambamo leo Kiswahili cha Kongo husikika kila upande. Huko anarekodi kwaya ndani ya kanisa la mabati, mwanga ukiingia kwa mlango tu, nusu ya waimbaji wakiwa gizani.

Hizo ni hali nne za mwanga katika siku mbili. Priseti haina macho: inaongeza na kupunguza kiasi kile kile ilichofundishwa, iwe inafaa ama haifai. Ile iliyoondoa umanjano wa turubai, ikitiwa kwenye picha za asubuhi, itawafanya wageni wote wawe na nyuso za kibuluu kama watu waliotolewa mtoni. Kwa hiyo jina la priseti halina budi kutaja kwanza kamera, kisha mwanga, kisha kile kilichotia rangi, na mwisho tarehe na namba ya toleo. “Sony – kivuli – turubai manjano – 2025-03 – 02” si jina tamu, lakini atakayelisoma baada ya miaka miwili atajua ameshika nini.

Wafugaji wa Ankole walilitambua jambo hili zamani. Ng’ombe wao wa pembe ndefu hupewa majina kwa rangi na mabaka yao. Yule mwekundu aliyekoza huitwa bihogo, na mchungaji akitajiwa neno hilo moja huwa ameshajua amtazame nani katika kundi. Hakuna mfugaji amwitaye ng’ombe wake “Nzuri 2”.

Sasa tuingie ndani ya programu zenyewe, maana kila moja ina desturi zake. Katika DaVinci Resolve, ambayo ina toleo lisilolipiwa na hivyo imeenea sana kwa vijana, vipimo huhifadhiwa pamoja na picha ya mfano katika albamu. Albamu ya kawaida ni ya mradi mmoja tu. Mradi mwingine ukifunguliwa, haionekani, na wengi hudhani kazi yao imefutika. Ile iitwayo PowerGrade ndiyo inayoonekana katika miradi yote ya maktaba moja, na humo ndimo pa kuweka vile vinavyotumika kila wiki. Katika Adobe Premiere Pro, priseti iliyohifadhiwa kutoka paneli ya Lumetri huenda katika orodha ya athari, na hapo mhariri aweza kujitengenezea folda zake, kisha kuzitoa zote katika faili moja la kubebea.

Kuna mtego ambao umewasumbua wengi. Baadhi ya priseti hutegemea jedwali la rangi, yaani faili la pembeni linaloiambia programu kila rangi iingiayo itoke ikiwa rangi gani. Jedwali la kawaida lenye ngazi 33 kwa kila rangi ya msingi huwa na mistari 35,937 ya tarakimu. Katika Resolve, vipimo havilibebi jedwali hilo. Vinakumbuka tu jina lake na mahali lilipo. Fundi akilibadili jina, au akipeleka vipimo Mbarara na jedwali likabaki Bwizibwera, picha itafunguka ikiwa na rangi tofauti kabisa na zile alizoziacha. Basi priseti na jedwali lake visafiri pamoja, kama bunduki na magazini yake.

Zile za kupakua ziwekwe katika folda ya peke yake mpaka zijaribiwe, na zijaribiwe kwa ngozi zetu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha mashine kwa kadi ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, alieleza kwamba kampuni ya Kodak ilianza kushughulikia rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengeneza samani na chokoleti. Malalamiko ya wazazi wa watoto weusi hayakuwa yameisukuma kiasi hicho! Priseti nyingi za leo bado hujaribiwa kwa nyuso nyeupe, na zikitiwa juu ya uso mweusi huupaka majivu ama huuzamisha kizani.

Kwa askari na polisi jambo hili halikomei kwenye urembo. Ipo priseti maarufu iliyoigwa kutoka sinema za Marekani, inayosukuma ngozi kuelekea rangi ya machungwa na kijani kuelekea samawati. Itie juu ya video ya vurugu za sokoni, na sare ya kijani ya mwanajeshi yaweza kusogea hadi mtazamaji ashindwe kusema ni kikosi gani kilichokuwapo. Gari la damu ya mzee hugeuka kahawia. Shahidi aliyesema kweli huonekana mwongo. Sheria ya Uganda ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 huitaka mahakama, katika kupima uzito wa ushahidi wa namna hii, iangalie jinsi ulivyotunzwa na kama umebaki mzima. Kwa sababu hiyo picha asilia haiguswi. Hufungiwa katika diski yake, na kazi yote hufanywa juu ya nakala. Ikiwa nakala hiyo imeongezwa mwanga ili sura ionekane, jina la priseti, tarehe na aliyeitia viandikwe, ili wakili akiuliza ofisa asimame na karatasi mkononi. Folda ya priseti za harusi na ile ya kazi za upelelezi zisikae pamoja hata siku moja, kwa kuwa kidole huteleza.

Kutunza nakala za priseti ni rahisi kuliko kutunza video. Jedwali la ngazi 33 ni maandishi matupu, lenye uzito wa takriban megabaiti moja, na laweza kutumwa kwa simu kutoka Nakivale hadi Mbarara kwa bando dogo, mradi litumwe kama faili. Folda nzima yaingia katika flashi ndogo. Flashi mbili zatosha, moja ikikaa ofisini na nyingine katika jengo jingine, na karatasi ya rejista ikunjwe pamoja na kila moja.