Injini Iliyolala Ukunda

Mwenye ndege alikuwa keshanyoosha mkono kulizungusha pangaboi, fundi akamkemea kutoka upande wa pili wa bawa: "Mzee, acha! Usiliguse!" Mkono ukarudi nyuma kana kwamba umechomwa.

Ilikuwa Novemba 2020. Ndege yenyewe, Cessna 172 ya viti vinne, ilikuwa imekaa Ukunda, kaunti ya Kwale, tangu Machi. Kwanza ilikuja corona. Aprili serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale, na ndege ikabaki Kwale huku mwenyewe yuko Nairobi. Njia zilipofunguliwa, pesa zilikuwa zimeadimika. Miezi minane ikapita chini ya banda la mabati, upepo wa bahari ukiingia na kutoka.

Fundi alikuwa na sababu mbili za kupiga kelele. Ya kwanza ingeweza kumkata mtu mkono. Plagi za ndege ndogo hazitegemei betri. Injini ina magneto mbili, na kila moja ina sumaku inayozalisha cheche zake yenyewe pindi injini inapozunguka. Ukizima ufunguo, unachofanya ni kuunganisha magneto na bodi kwa waya mwembamba ili umeme upotelee huko. Waya huo ukikatika, au panya wakiutafuna, ufunguo utaonyesha kuwa injini imezimwa ilhali magneto iko hai. Petroli kidogo iliyobaki ndani ya silinda yatosha: unalisukuma pangaboi kidogo tu, nalo linajizungusha lenyewe.

Sababu ya pili haimtishi mtu, kwa hiyo wengi hawaijui. Injini inapozimwa, utando mwembamba wa oili hubaki juu ya vyuma. Siku zinavyopita utando huo huchuruzika, na kinachosalia ndicho kinga ya mwisho dhidi ya kutu. Kulizungusha pangaboi kwa mkono ni kukifuta hicho kinachosalia bila kuleta oili mpya. Lycoming, kampuni ya Marekani iliyotengeneza injini hiyo, inasema wazi kwamba tabia hiyo ina madhara zaidi kuliko faida.

Injini yenyewe ni ya silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, nguvu za farasi 150, na hupozwa kwa hewa. Ni injini ngumu. Imefundisha marubani wengi mno, nami sijui mashine nyingi zinazostahili heshima kama hiyo. Lakini ina udhaifu mmoja wa maumbile. Kamshafti, chuma kinachofungua na kufunga vali, imewekwa juu ya krankshafti, mhimili unaozungusha pangaboi. Injini ikifanya kazi, oili hurushwa huko juu muda wote. Ikilala, oili yote hushuka chini na kuiacha kamshafti uchi. Injini nyingi za Continental, washindani wa jadi wa Lycoming, zina kamshafti chini, karibu na oili. Kwenye kamshafti ya Lycoming iliyo uchi ndipo hewa ya Kwale inapopata pa kuuma. Lycoming imewahi kuonya kwamba penye unyevu mwingi, silinda za injini mpya zaweza kuota kutu baada ya siku mbili tu za kukaa. Injini iliyokwisha kufanya kazi saa 50 na zaidi huwa na ganda jepesi linaloweza kuikinga kwa wiki kadhaa. Wiki, si miezi minane.

"Lakini haikukaa bure," mwenye ndege alijitetea. "Kuna kijana alikuwa akiniwashia kila Jumapili, dakika kumi."

Fundi aliweka spana chini. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanyamaza kidogo, ndipo akaeleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Petroli inapoungua huzaa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita nzima ya maji, katika hali ya mvuke. Mwingi hutoka kwa ekzosi, lakini sehemu hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka ndani ya tumbo la injini. Ndege ikiruka saa nzima, oili hupata moto wa kutosha, nyuzi 74 za Selsiasi na zaidi, na maji hufukuzwa. Ukiiwasha chini kwa dakika kumi, oili huishia kuwa vuguvugu. Mvuke unaingia, injini inazimwa, inapoa, mvuke unageuka matone. Matone yanachanganyika na masalio ya moto na kuwa asidi. Jumapili ifuatayo unaongeza mengine. Yule kijana alikuwa akitimiza aliyoagizwa, na mwenye ndege alikuwa akilipa kwa mapenzi, lakini kila Jumapili walikuwa wakiinywesha injini maji.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimelisikia mara nyingi, hata kwa wenye magari: "Iwashe iwashe isife." Anayejua kwamba ndege yake itakaa ana njia bora zaidi: amwage oili iliyotumika, atie oili ya kuhifadhia, airushe saa nzima, aweke plagi zenye chembechembe za kufyonza unyevu, zile za buluu zinazogeuka waridi zikishiba, kisha azibe ekzosi na matundu ya hewa, aiache ilale kimya.

Kazi ya siku hiyo ilianza mbali na injini. Betri iliondolewa. Mabawa yakachunguzwa, na chini ya bawa la kushoto, kwenye mrija wa hewa wa tangi, palikuwa na udongo mgumu: nyigu walikuwa wamejenga. Mrija huo ukiziba, tangi haliwezi kuvuta hewa, petroli inakoma kushuka, na injini inanyamaza angani. Kitu kidogo kama hicho si cha kupuuza hata kwenye ndege kubwa. Februari 1996, Boeing 757 iliyokuwa imekaa wiki kama tatu bila kuruka ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaua watu wote 189. Kipimo cha kasi kilimdanganya rubani, na wachunguzi walishuku kwamba mrija wake ulikuwa umezibwa na nyigu.

Fundi alikinga petroli kutoka chini ya matangi kwa kikombe cheupe. Petroli ya ndege hutiwa rangi ya samawati, na chini ya samawati ile palikuwa na maji yasiyo na rangi, yametulia kama kito. Yote ikamwagwa, kabureta ikasafishwa, mipira iliyokauka ikabadilishwa. Oili ya zamani ilitoka nyeusi yenye harufu chachu. Filta yake ikakatwa na kufunuliwa kama sambusa, karatasi ikapitishwa sumaku kunjo kwa kunjo. Chembe chache, laini. Kamera nyembamba mfano wa waya iliingia kwa tundu la plagi, silinda moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa na wekundu hafifu ukutani. "Ni wa juu juu," fundi alisema. "Haujachimba."

Mtu aliyefunga mchana kutwa hafungui kwa pilau. Huanza na tende na maji. Injini nayo ilifuturishwa oili kabla ya kupewa moto. Fundi alichomoa plagi moja kila silinda ili pasiwe na mgandamizo, akatenganisha nyaya zote za plagi, akafunga petroli, akarudisha betri, kisha akabonyeza stata. Sekunde kumi. Mshale wa presha ya oili haukutikisika. Akangoja stata ipoe. Mara ya pili mshale ulijivuta, ukapanda hadi paundi 20. Sote tukapumua.

Plagi zikarudishwa. Kabari zikawekwa kwenye magurudumu, kizima moto kikasogezwa, watu wakaondolewa mbele. Injini ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Sisi tulitazama pangaboi. Fundi hakulitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye ule mshale. Presha isipopanda ndani ya sekunde 30, unazima, hata kama mlio unapendeza namna gani. Ilipanda.

Alipoizima baada ya dakika chache, alishuka na chupa ya maji, akadondosha tone kwenye kila bomba la ekzosi kuona kama kila silinda ilikuwa imewaka. La kwanza lilichacharika, la pili vilevile. La tatu lilichelewa kidogo, kisha nalo likafuka. La nne likafuka.

"Kwa hiyo leo tunaruka, Fundi?"

"Kesho asubuhi, juu ya kiwanja tu, na utazunguka saa nzima. Ukitimiza saa kumi za kuruka, niletee filta niikate. Kamshafti siioni kwa kamera, Mzee. Ikiwa zile Jumapili zimeila, filta ndiyo itakayotuambia."

Mwenye ndege alimvuta yule kijana pembeni, akamwomba asiiwashe tena.