Jua la Unyanyembe na Kinga ya Macho

Mwezi Julai mwaka 1858 msafara mdogo uliondoka Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, ukaelekea kaskazini kulitafuta ziwa kubwa ambalo wafanyabiashara Waarabu walikuwa wakilisimulia. Kiongozi wake, Mwingereza John Hanning Speke, alipanda punda, na machoni alivaa miwani yenye vioo vya kijivu. Macho yake yalikuwa bado mabovu. Mwezi Februari mwaka huo, alipofika pamoja na Richard Burton mahali palipoelekea Ziwa Tanganyika, wenzake waliliona ziwa lakini yeye aliona ukungu tu. Sasa, katika njia ya Nyanza, wanavijiji walifurika kumtazama mgeni mwenye macho maradufu. Waliinama wakachungulia chini ya ukingo wa kofia yake, hata ikambidi aivue miwani, aitie mfukoni, afumbe macho na kumwacha punda avutwe. Tarehe 3 Agosti alifika Mwanza akaliona ziwa alilolipa jina la malkia wake, Victoria.

Speke aliyahusisha maradhi yake na homa pamoja na jua la utosini. Kwa maarifa ya leo, uvimbe wa ndani ya jicho wa namna aliyoieleza hautiliwi shaka kwamba huleta maumivu mbele ya mwanga, ila ni vigumu kulitia jua hatiani kuwa ndilo chanzo chake. Miwani yake ilimpunguzia adha, haikumtibu. Hata hivyo kisa hiki kinafaa kukumbukwa, kwa kuwa fikra iliyokuwamo katika vioo vile vya kijivu ingali inatawala hadi leo: kwamba kinachoharibu jicho ni mng'ao unaoonekana, na kwa hiyo kioo cheusi zaidi ndicho kinga bora zaidi.

Fikra hiyo si sahihi. Katika mwanga wa jua imo mionzi ambayo jicho haliioni kabisa, nayo huitwa mionzi ya urujuanimno. Urefu wa mawimbi yake ni chini ya nanomita 400, na nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Mionzi iliyo mikali kupita yote hunaswa na tabaka la ozoni angani. Inayobaki hutufikia, na konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, pamoja na lenzi iliyo nyuma ya mboni, huinyonya sehemu kubwa. Kwa njia hiyo lenzi huikinga retina, lakini yenyewe hulipa gharama: protini zake huharibika kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, na seli zake hazitupwi nje kama zile za ngozi.

Sasa mtu akivaa kioo cheusi kisichozuia urujuanimno, mboni hudanganyika. Huona giza, hupanuka, na mtu mwenyewe huacha kukunja uso. Mionzi isiyoonekana hupata mlango mpana zaidi. Kinyume chake, kipo kioo kinachokaribia kuwa cheupe ambacho huizuia mionzi hiyo karibu yote. Mwanakemia William Crookes alilionyesha jambo hili huko Uingereza mwaka 1913, alipotafuta vioo vya kuwakinga mafundi wa viwanda vya kioo wasipatwe na mtoto wa jicho. Rangi ya kioo ni jambo moja, na uwezo wake wa kuzuia urujuanimno ni jambo jingine. Anayenunua miwani stendi hana budi kutafuta alama ya nanomita 400. Na kwa kuwa alama nayo huweza kubandikwa na yeyote, ni heri miwani ipimwe kwa kifaa cha mtaalamu wa miwani inapowezekana.

Tuje Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali panapojulikana kwa seminari yake. Hapa ni nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, na nchi imeinuka kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mtu angedhani kwamba saa sita mchana ndiyo saa ya hatari kwa jicho. Kwa ngozi ni kweli. Lakini jicho limekaa ndani ya shimo, chini ya mfupa wa paji na nyusi, na jua la utosini halilifikii moja kwa moja. Mwaka 2011 watafiti wa Japani, waliotumia vichwa vya sanamu vyenye vipimo machoni, walieleza kwamba jua linapokuwa limeinuka kiasi cha nusu ya anga, asubuhi na alasiri, ndipo jicho linapopokea mionzi mingi. Ni saa zilezile ambazo mkulima wa tumbaku yumo shambani na mwanafunzi yumo njiani. Mchanga mkavu nao hurudisha juu asilimia 15 hivi ya mionzi hiyo, ilhali majani hurudisha kidogo sana. Msitu wa miombo ukifyekwa, macho nayo hupoteza kivuli.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake, Marekani. Waliopata mionzi mingi zaidi maishani walikuwa na aina moja ya mtoto wa jicho, ile inayoanzia pembezoni mwa lenzi, kuliko wenzao. Aina nyingine, ya katikati ya lenzi, haikuonyesha uhusiano huo. Kwa hiyo si kila mtoto wa jicho ni kazi ya jua. Uzee, kisukari na tumbaku vina sehemu yao. Ile nyama inayotambaa kutoka weupe wa jicho kuelekea konea nayo huwapata zaidi watu wa juani.

Pama yenye ukingo mpana hupunguza takriban nusu ya mionzi inayofika jichoni, nayo hufumwa kwa ukindu na haihitaji duka. Kofia aliyobaki nayo Speke, baada ya miwani kuingia mfukoni, haikuwa kinga haba.

Kwa mtoto mwenye ualbino suala hili ni zito zaidi. Sehemu ya jicho yenye rangi, ambayo kwa wengine huwa pazia, kwake hupitisha mwanga. Aidha, kitovu cha retina hakikukomaa vizuri, hivyo miwani humwondolea maumivu ya mwanga bila kumrudishia uoni kamili. Akikalishwa karibu na dirisha ili apate mwanga wa kusomea, hufumba macho, na mwalimu humdhania mvivu. Mahali pake ni mstari wa mbele, mgongo ukielekea dirishani, na pama yake aruhusiwe kuivaa hata darasani.