Binti aliyejeruhiwa na uzazi asitengwe na ibada



Ijumaa hii tunazungumza jambo ambalo Sumbawanga na vijiji vya Ufipa husemwa kwa kunong'ona: mabinti wanaozaa kabla ya miili yao kukomaa, kisha wakabaki wakivuja mkojo usiku na mchana. Maradhi hayo ni fistula. Wapo wasemao ni uchawi, au malipo ya zinaa. Hayana msingi maneno hayo. Nyonga ya binti wa miaka 14 mara nyingi haijatanuka. Uchungu ukichukua siku mbili, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa, damu haifiki, nyama hufa, tundu hubaki. Aghalabu mtoto naye huwa amekwisha kufa. Na anayetoka bonde la Ziwa Rukwa hana budi kupanda kwanza ukuta wa Lyamba lya Mfipa ndipo afike hospitali ya mkoa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuozwa akiwa na miaka 15. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa ruhusa hiyo ni kinyume cha Katiba. Baadhi yetu tulinung'unika. Lakini mafakihi wa Kishafii, ambao wengi wetu twawafuata, walikwisha kuzuia binti asikabidhiwe mume kabla mwili wake haujahimili. Baba apokeaye mahari na kulifumbia macho sharti hilo anajificha nyuma ya fiqhi asiyoisoma.

Linalotuuma zaidi ni binti anayeacha sala akidhani amekuwa najisi daima. Sivyo. Yeye ni mwenye udhuru, na hukumu yake ni kama ya mwenye damu ya istihadha: wakati wa kila faradhi ukiingia, ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe na aswali papo hapo. Kinachomtoka baada ya hapo hakibatilishi sala yake. Maimamu waliseme hili waziwazi, na wake zao walifikishe majumbani.

Tena fistula hutibika kwa upasuaji. CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wagonjwa hawa bila malipo, na Bugando ya Mwanza nayo huifanya kazi hiyo. Kikwazo ni nauli, na binti fukara ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Akipona akashika mimba tena, asijifungulie nyumbani: huhitaji upasuaji, na familia imfikishe mjini wiki kadhaa kabla.