Sarafu ya Dhahabu ya Urithi: Utajuaje Kama ni Halisi au Bandia?

Vikundi vyetu vya kusaidiana huletewa vitu vya namna nyingi kama rehani ya mkopo: baiskeli, cherehani, redio, hata mbuzi. Mara moja moja mwanachama huja na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa na kusema, "Hii ni dhahabu. Babu aliiacha." Hapo kamati yote hunyamaza. Mmoja anasema ni mali ya maelfu ya shilingi, mwingine anasema ni shaba tupu ya kudanganya watoto. Nani anajua?

Makala hii inaeleza jinsi ya kupima sarafu kama hiyo bila kuiharibu na bila kutapeliwa. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: dhahabu ni nzito kuliko karibu kila chuma unachokijua. Mwongo anaweza kuiga rangi, anaweza kuiga picha na maandishi. Lakini kuiga uzito na ukubwa kwa pamoja, hiyo ni kazi ngumu. Kwa hivyo usiamini macho yako wala maneno ya mtu. Amini mizani.

Zilitoka wapi?

Watu huuliza, mzee wa kijijini angepata wapi dhahabu? Si ajabu. Zamani za ukoloni wa Waingereza, kabla ya shilingi kuja, pesa ya hapa ilikuwa rupia, na pauni moja ya dhahabu ilihesabiwa kuwa rupia 15. Mambo hayo yalibadilika mwaka 1920 na 1921, rupia ilipoondolewa na shilingi ikaingia. Wafanyabiashara wa Pwani na mabaharia walizipenda pauni hizo kwa sababu zilikubaliwa kila bandari. Wengine walizificha sandukuni, wengine wakazifanya vidani vya mabinti zao.

Sarafu za dhahabu ambazo huenda ukakutana nazo kwetu ni hizi:

1. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza, ambayo wauzaji huiita sovereni. Upande mmoja ina kichwa cha mfalme au malkia. Upande wa pili, mara nyingi, ina mtu juu ya farasi akipigana na joka, na mwaka umeandikwa chini. Uzito wake ni gramu 7.98 na upana ni milimita 22. Ni dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu na 2 za chuma kingine, hasa shaba nyekundu.

2. Nusu pauni. Picha ni kama hizo, lakini uzito ni gramu 3.99 na upana milimita 19 na kitu.

3. Pauni ya Tabora. Wajerumani waliitengeneza Tabora, Tanganyika, mwaka 1916 wakati wa vita, baada ya njia za baharini kufungwa. Ina picha ya ndovu mbele ya milima, na thamani ya rupia 15. Zilitengenezwa 16,198 tu. Dhahabu yake ni ya karati 18 na uzito ni kama gramu 7.16. Kwa kuwa ni adimu na wakusanyaji huitafuta sana, pia huigwa sana.

4. Sarafu za Kenya za mwaka 1966, za ukumbusho wa Mzee Jomo Kenyatta. Zilikuwa za shilingi 100, 250 na 500. Uzito wake ni gramu 7.6, gramu 19 na gramu 38.

Ambazo si dhahabu kabisa

Tuondoe kwanza zile zinazowachanganya watu. Senti kumi na ndururu za manjano za Kenya si dhahabu, ni mchanganyiko wa shaba. Pesa za Mombasa za mwaka 1888, zenye picha ya mizani, ni za shaba. Riale kubwa ya Maria Theresa, yenye picha ya mama mnene na mwaka 1780, ni ya fedha, na uzito wake ni gramu 28. Riale hizo ziliendelea kutengenezwa miaka mingi sana baadaye, zote zikiandikwa 1780, kwa hivyo mwaka huo hauonyeshi umri wake. Ukiona riale hiyo ina rangi ya dhahabu, jua imepakwa.

Mambo ya kutofanya

Usiing'ate. Watu husema dhahabu ni laini na meno huacha alama. Lakini risasi ni laini zaidi kuliko dhahabu, na pauni halisi imechanganywa na shaba ili iwe ngumu. Utavunja jino bure.

Usiisugue kwa majivu, mchanga, dawa ya meno wala siki. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sarafu ambayo haijaguswa. Ukiisugua mpaka ing'ae, umejipunguzia bei wewe mwenyewe.

Usitumie maji ya betri au asidi yoyote nyumbani. Asidi huunguza macho na ngozi. Sonara anazo dawa zake na anajua kuzitumia.

Usiipige tupu wala usiikate kuangalia ndani. Ukiikata, hata kama ni halisi, sasa ni kipande cha dhahabu tu.

Vipimo vya nyumbani

Cha kwanza ni macho. Tumia kioo cha kukuza ukipata. Tazama mahali palipoinuka: nywele za mfalme, shavu, na ukingo. Sarafu iliyopakwa huchubuka hapo kwanza, na rangi nyingine huchungulia. Ukiona kutu ya kijani, ni dalili ya shaba. Lakini usiogope doa dogo jekundu, maana hata pauni halisi ina shaba kidogo ndani yake. Angalia pia ukingo. Pauni halisi ina meno madogo yaliyopangika sawasawa kuizunguka yote. Ukiona mstari wa kuungia katikati ya ukingo, au vishimo vidogo kama mapovu usoni, sarafu hiyo ilimiminwa kwenye kalibu. Haikupigwa kwa mashine ya serikali.

Cha pili ni sumaku. Utaipata kwenye spika ya redio iliyoharibika. Sarafu ikivutwa na kunata, mambo yamekwisha: si dhahabu. Lakini isiponata usishangilie bado. Shaba na risasi pia hazivutwi. Sumaku inaweza kukuambia "hapana", haiwezi kukuambia "ndiyo".

Cha tatu ni uzito, na hiki ndicho kikubwa. Mizani ya dukani ya kupimia sukari haifai, haisikii kitu kidogo hivi. Kama hamna mizani ya sonara, kikundi kinaweza kutengeneza yake:

- Chukua rula ya mbao ya futi moja. Toboa katikati kabisa na uining'inize kwa uzi.
- Tafuta vifuniko viwili vya plastiki vinavyolingana, kila kimoja kiweze kushika maji ya vijiko viwili vya chai. Ning'iniza kimoja kila upande, umbali sawa kutoka katikati. Hakikisha rula imelala sawa.
- Nunua bomba la sindano la mililita 10 kwenye duka la dawa. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja.
- Weka sarafu upande mmoja. Upande wa pili tia maji polepole kwa bomba mpaka rula ilale sawa tena. Hesabu mililita ulizotia.

Pauni halisi itataka karibu mililita 8. Pauni ya uongo ya shaba ya manjano, yenye upana na unene ule ule, itataka kama mililita 4 tu. Ya risasi itataka kama 5. Tofauti ni kubwa, hata mizani ya rula itaiona.

Je, mwongo akiongeza shaba mpaka ifike gramu 8? Basi itabidi sarafu iwe pana zaidi au nene maradufu. Ndiyo maana uzito peke yake hautoshi, lazima upime na ukubwa. Unene wa pauni halisi ni kama milimita moja na nusu. Fundi wa jua kali au makanika ana kipimo cha kubana cha kupimia vyuma, mwombeni awapimie. Uzito uwe sawa, upana uwe sawa, unene uwe sawa. Moja likikosa, simama hapo.

Kwa sonara

Kama imepita vipimo hivyo, sasa nendeni kwa sonara mwenye mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Pauni mpya ni gramu 7.98. Iliyotumika hupungua kidogo, lakini zamani sheria ya Waingereza haikukubali pauni iliyopungua chini ya gramu 7.93.

Mwombe pia afanye kipimo cha maji. Anaweka glasi ndogo ya maji juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri. Kisha anafunga sarafu kwa uzi mwembamba na kuizamisha majini bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha kama 0.45 au 0.46. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Ukipata kati ya 17 na 18, hiyo ni dhahabu ya karati 22. Shaba ya manjano hutoa kama 8 na nusu, risasi 11 na kidogo. Kuna chuma kimoja, tangisteni, ambacho uzito wake unakaribia ule wa dhahabu, na wajanja hukificha ndani ya dhahabu. Kwa hivyo kama mali ni kubwa, tafuteni mwenye mashine ya kusoma madini.

Sarafu bandia, dhahabu halisi

Hapa wengi hushangaa. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wa Lebanon na Italia walitengeneza pauni nyingi za uongo kwa kutumia dhahabu ya kweli. Walifanya hivyo kwa sababu pauni iliuzwa ghali kuliko dhahabu iliyo ndani yake. Sarafu kama hiyo si halali, lakini dhahabu yake bado ina bei. Wataalamu huitambua kwa herufi zisizo safi, picha iliyofifia kama sabuni iliyotumika, au mwaka usiopatana na alama. Kwa mfano, pauni za Mfalme George wa Tano zenye alama ndogo ya I, za Bombay, zilitengenezwa mwaka 1918 peke yake. Ukiona mwaka mwingine wenye kichwa chake na alama hiyo, ni ya uongo.

Pauni iliyotiwa pete ya kidani nayo hupimwa peke yake, maana risasi ya kuungia huongeza uzito. Mara nyingi hulipwa bei ya dhahabu tu.

Bei yake mtaijuaje?

Pauni moja ina gramu 7.32 za dhahabu safi. Sikilizeni bei ya gramu moja siku hiyo, mzidishe kwa 7.32. Mnunuzi lazima apate faida yake, lakini akiwapa nusu ya bei hiyo, chukueni sarafu yenu mwende kwingine. Pauni ya Tabora msiuze kwa bei ya dhahabu kamwe. Ikiwa halisi, wakusanyaji hulipa mara nyingi zaidi.

Jilindeni

- Msiende mtu mmoja. Nendeni wawili au watatu, na sarafu isiondoke machoni penu. Ujanja wa kawaida ni kuipeleka "chumba cha nyuma" na kurudisha nyingine.
- Kabla ya kwenda, pigeni picha pande zote mbili, mwandike uzito, upana na mwaka.
- Mtu akidai alipwe kwanza ndipo alete mnunuzi tajiri, huyo ni tapeli. Katika nchi yetu wengi wamepoteza pesa nyingi kwa dhahabu ya uongo.
- Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale chini ya sheria ya makavazi ya mwaka 2006. Hakipelekwi nje ya nchi bila kibali.
- Mali ya marehemu si ya aliyeishika kwanza. Sheria ya urithi inakataza kuuza mali hiyo kabla ya kupata kibali cha mahakama. Mama mjane na watoto, wasichana kwa wavulana, wajue sarafu ipo na inapimwa wapi. Familia nyingi zimegombana si kwa sababu ya dhahabu, bali kwa sababu ya siri.

Na kama kikundi kinaombwa kuipokea kama rehani, msipokee kabla ya kupima. Andikeni vipimo vyote katika kumbukumbu za mkutano. Itieni kwenye bahasha, wote watie sahihi juu ya gundi, na ikiwezekana ihifadhiwe benki. Sarafu ikionekana ni bandia, mwambieni mwenye nayo kwa heshima na faragha. Pengine na babu yake alidanganywa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya rehani ambayo hatujui thamani yake?
2. Nani kati yetu anaweza kutengeneza mizani ya rula? Tuijaribu kwa sarafu za kawaida mkutano ujao.
3. Katika nyumba zetu, ni nani anayejua vitu vya thamani vilipo, na ni nani hajaambiwa?