Sataranji Kando ya Ziwa (Sehemu ya Pili): Topalov Aliwapata Wapi Wapinzani?

Wiki iliyopita tulimaliza kete na mwendo wake. Leo tuingie katika swali la mzazi wa Homa Bay au Migori ambaye mwanawe ameanza kuwashinda walimu shuleni: huyu atafika wapi? Nitajibu kwa kumfuata Mbulgaria mmoja, Veselin Topalov.

Alizaliwa mwaka 1975 huko Ruse, mji wa kando ya mto Danube, mbali na Sofia, mji mkuu. Mwaka 1989 alikuwa bingwa wa dunia wa walio chini ya miaka 14, na mwaka 1992 akapata cheo cha grandimasta. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Lakini cheo hicho hakitolewi kwa kipaji. FIDE, shirikisho la sataranji duniani, hudai mchezaji afikishe pointi 2500 za kiwango, tena apate matokeo ya juu katika mashindano yenye wapinzani wa nchi mbalimbali, baadhi yao wakiwa tayari magrandimasta. Ukimpiga jirani yako kila Jumamosi, pointi hazisogei. Topalov alikuwa Ulaya, ambako mtu hutoka shindano moja hadi jingine kwa treni.

Kilele chake kilikuwa San Luis, Argentina, mwaka 2005. Magwiji wanane, michezo 14. Katika saba ya kwanza alivuna pointi 6.5 kati ya 7, kisha akatwaa ubingwa wa dunia wa FIDE bila kushindwa hata mara moja. Mwaka uliofuata, huko Elista, Urusi, aliupoteza kwa Vladimir Kramnik katika pambano lililochafuliwa na malalamiko ya meneja wake, Silvio Danailov, kwamba Kramnik alikuwa akienda msalani mno. Mtu mzima kuhesabiwa safari za choo! Kramnik aligoma kucheza, akahesabiwa ameshindwa mchezo mmoja, na bado akashinda pambano. Mwaka 2010 Topalov alijaribu tena, nyumbani Sofia, dhidi ya Viswanathan Anand wa India. Majivu ya volkano ya Iceland yalikuwa yamezuia ndege, Anand akasafiri kwa gari kutoka Ujerumani. Katika mchezo wa 12, wa mwisho, Topalov alikataa kuridhika na sare, akajihatarisha, akaanguka. Mimi humpenda zaidi kwa kushindwa huko kuliko kwa San Luis.

Sasa turudi ziwani. Ng'ambo kule Katwe, Kampala, Phiona Mutesi alifundishwa na Robert Katende, aliyewavuta watoto wa mtaa kwa sataranji na bakuli la uji. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Siberia; mwaka 2012, huko Istanbul, akapata cheo cha kwanza cha wanawake, kile cha mtarajiwa wa umasta. Filamu ya mwaka 2016, ambamo Lupita Nyong'o alikuwa mama yake, iliishia kwenye shangwe. Haikuwa na nafasi ya kueleza kwamba kutoka cheo hicho hadi grandimasta ni mamia ya pointi, na kila pointi inamtaka mpinzani aliye nayo.

Hapo ndipo sisi tulipokwama. Akili ya mchezo ipo: mwangalie mzee anayecheza ajua, au vijana wa bodaboda pale Rongo na drafti yao ya vizibo vya soda. Lakini mashindano yanayohesabiwa na FIDE mengi yako Nairobi, na nauli ya mtoto na mlezi wake, malazi na ada ya kiingilio humaliza mfuko wa mkulima wa miwa wa Awendo kabla kete ya kwanza haijasogezwa. Mpaka sasa Kenya haina grandimasta.

Dawa yake si ghali kama inavyodhaniwa. Mchezaji mpya huhitaji walau michezo mitano dhidi ya wenye pointi ili naye apewe zake. Wachezaji kumi wenye pointi wa Nairobi na Kisumu wakija Homa Bay wikendi moja, pamoja na mwamuzi anayetambuliwa na FIDE na saa za mchezo za kutosha, watoto wetu wataweza kuingia orodhani bila kupanda basi la usiku. Wiki ijayo tutahesabu gharama za shindano kama hilo, kuanzia saa.